Unataka kuwa mkutubi wa chuo kikuu? Anzia hapa

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika meseji ni zilezile, kaka nimeona kuna kozi ya maktaba, je ina ajira, je si ni kukaa kaunta na kugonga mihuri tu? Nimeona niandike mara moja kwa urefu, manake hii kazi naipenda sana na inaniuma nikiona vijana wanaingia bila kujua wanaingia wapi alafu mwaka wa pili wanatafuta namna ya kuhama.

Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu na kwenu. Usiende kusoma. Omba kwa adabu uonyeshwe chumba cha nyuma, kule wanakokatalogi. Kaunta ndo watu wote wanaiona, lakini kazi yenyewe iko nyuma, boksi linafika, linafunguliwa, vitabu vinaandikwa kwenye rejista, vinapigwa mhuri, mtu anakaa na kitabu kimoja mkononi anakisoma jalada, anageuza ukurasa wa pili wenye taarifa za mchapishaji, anapitia yaliyomo, anafikiri, ndo anaamua kinahusu nini na kitakaa wapi. Kaa pale nusu saa umwangalie. Kama utachoka kabla ya kitabu cha tatu ni bora ujue leo. Kama utatamani kumuuliza kwa nini hiki umekiweka huku na sio kule, basi endelea kusoma hapa, wewe ni mwenzetu.

Sasa historia kidogo, na usiiruke, kwa sababu ndo inaamua leo usome wapi. Zamani mtu wa huku kwetu akitaka kusomea ukutubi kwa kweli ilibidi aende Uingereza au afanye mitihani ya Waingereza akiwa hukuhuku. Mwaka 1960 bwana mmoja, Sydney Hockey, aliandika ripoti kuhusu huduma za maktaba Afrika Mashariki, na mwaka 1963 mambo yakaja kwa pamoja: Tanganyika ikatunga sheria ya huduma za maktaba, Makerere, Nairobi na Dar zikawa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na palepale Makerere, Kampala, ikafunguliwa shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki nzima. Yaani mtu wa Tanga na mtu wa Kisumu walikuwa wanaweza kukaa dawati moja Kampala wakisomea kazi ileile. Chuo kile kikubwa kikagawanyika mwaka 1970, Jumuiya nayo ikavunjika 1977, na polepole kila nchi ikabidi ijenge kwake. Kenya wakaanza kufundisha ukutubi Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret mwaka 1988. Sisi Tanzania tukapata chuo cha ukutubi na utunzaji wa nyaraka Bagamoyo mwaka 1989, ndo hicho watu wanakiita SLADS, kipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Alafu Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaanza shahada ya uzamili ya fani hii mwaka 1997. Makerere hawakufunga, wapo mpaka leo.

Ukiiona hiyo picha utaelewa kwa nini njia zetu ziko hivi zilivyo. Kama umemaliza kidato cha nne, anza Bagamoyo na astashahada, alafu stashahada, masharti ya kuingia yaangalie kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, cha mwaka husika, usimsikilize mtu wa mtaani. Kama una kidato cha sita na pointi za kutosha unaweza kwenda digrii moja kwa moja, hapo fungua mwongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, na utafute maneno maktaba, habari, taarifa, kumbukumbu na nyaraka, manake kila chuo kimeipa kozi jina lake na wengi wanaikosa kwa sababu wametafuta neno maktaba peke yake. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, kwa mfano wana digrii ya upande wa taarifa na kumbukumbu, na SUA usiichukulie poa, pale ndo ilipo maktaba ya taifa ya kilimo, SNAL, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1991.

Ushauri wangu mimi, na najua wengine hawakubaliani nao: kama una uwezo wa kuchagua, pitia stashahada kwanza. Nimefanya kazi na wa digrii na nimefanya kazi na wa Bagamoyo, na waliopita Bagamoyo mikono yao inajua kitabu. Digrii utaipata baadaye ukiwa kazini.

Haya, ukishapata nafasi, kitu cha kushika kwa mikono miwili ni kukatalogi na kuainisha, yaani kuandika maelezo ya kitabu kwenye katalogi na kukipa namba ya mahali pake kwenye rafu. Mengine yote utajifunza njiani. Ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Chuo cha kwanza nilichofanyia kazi, sikitaji, alikuja binti wa mwaka wa tatu anaandika tasnifu ya methali za Kiswahili. Kompyuta ikasema hamna. Akaenda kwenye rafu ya Kiswahili akatafuta mstari kwa mstari, hamna. Akaondoka. Miezi miwili baadaye nafungua boksi lililokuwa nyuma ya mlango wa stoo, boksi la msaada limekaa pale miaka mitatu, nakuta vitabu viwili vya methali, kimoja bado kina karatasi ya nailoni. Havikuibiwa, havikupotea, havikuandikwa tu. Na yule binti alikuwa ameshabadilisha mada. Ile siku nilikaa chini sakafuni na lile boksi mpaka jioni nikaandika vyote.

Na hata vingekuwa vimeandikwa, bado angeweza kuvikosa, na hapa ndo utamu wa kazi ulipo. Kwa mpangilio wa namba za rafu wa Dewey, ule alioutoa Melvil Dewey mwaka 1876, lugha ya Kiswahili iko 496.392. Sarufi, fonolojia, yote hapo. Lakini ushairi na riwaya za Kiswahili hazipo hapo, ziko 896.392, rafu nyingine kabisa, pengine ghorofa nyingine. Na methali? Methali ni fasihi simulizi, ziko 398.9, jirani na ngano na hekaya za dunia nzima. Yaani Kiswahili kimoja, nyumba tatu. Mwanafunzi hajui hilo na wala sio kosa lake, wewe ndo unatakiwa umwandikie kwenye katalogi vichwa vya mada ambavyo akiandika Kiswahili na methali vimpeleke palepale. Vyuo vingi vikubwa vinatumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, huko Kiswahili, lugha na fasihi, viko pamoja kuanzia PL8701, inasaidia kidogo, lakini historia ya Tanzania iko DT436 na kuendelea na kitabu cha historia ya lugha bado kitakuumiza kichwa.

Zoezi: chukua vitabu kumi vya Kiswahili vya nyumbani au vya rafiki, bila kuangalia popote andika kwenye karatasi kila kimoja kinahusu nini kwa sentensi moja, alafu amua namba. Kisha ingia kwenye katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iko wazi onlaini bure, uone wao wameweka wapi. Mkitofautiana usikimbilie kujisahihisha, jiulize kwanza nani yuko sahihi kwa msomaji wako. Mara nyingi watakuwa wao, lakini sio mara zote, kuna vitabu vya huku kwetu vimekatalogiwa na mtu asiyesoma Kiswahili na inaonekana.

Majina ndo mtihani mwingine. Shaaban Robert kwenye katalogi moja utamkuta kwenye R, nyingine kwenye S. Kama maktaba yako ina vyote viwili bila kuviunganisha, basi mwanafunzi anayetafuta kazi zake anapata nusu na anadhani amemaliza. Na wenye bin je? Muyaka bin Haji ukimweka kwenye H umempoteza, watu wanamtafuta Muyaka. Sheria za kukatalogi, siku hizi RDA na zamani AACR2, zina maelekezo ya majina ya namna hii, zisome zile sura kwa utulivu, na chagua jina moja la kuwa kuu, mengine yote yaelekeze kwake. Vitabu vya mfano vya darasani vimejaa majina ya Kizungu, kwa hiyo hili utalifanyia mazoezi mwenyewe.

Kuhusu kompyuta, usiogope na usisubiri kufundishwa chuoni. Kuna programu ya kuendesha maktaba inaitwa Koha, ni bure, ilitengenezwa New Zealand ikaanza kazi mwaka 2000, na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi. Tafuta kompyuta ya zamani, weka Ubuntu au Debian, weka Koha, ingiza vile vitabu kumi vyako. Utakwama. Utakwama kwenye kuisanidi, utakwama kwenye MARC, mfumo wa kuandika rekodi ya kitabu kwenye kompyuta, zile namba kama 245 ya kichwa cha kitabu na 100 ya mwandishi, lakini zikishakaa kichwani hazitoki. Ukiweza pia kuvuta rekodi kutoka maktaba nyingine kwa Z39.50, njia ya kompyuta za maktaba kupeana rekodi, badala ya kuandika kila kitu upya, tayari umewazidi wengi wanaokuja kwenye usaili. Baadaye ongeza DSpace, programu ya kuhifadhi tasnifu na machapisho ya chuo, hiyo ilitoka mwaka 2002 na utaikuta vyuo vingi tu.

Jambo ambalo natamani wanafunzi walipe uzito zaidi ni makusanyo ya kwetu. Pale Mlimani kuna sehemu ya maktaba inaitwa East Africana, ya vitu vinavyohusu Afrika Mashariki, kuna karatasi za Hans Cory, mtafiti wa mila wa enzi za ukoloni, na chuo kina miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine zilikusanywa na J. W. T. Allen pwani huku, tenzi ambazo mtu alizinakili kwa kalamu kwa mkono wake. Ukifika Dar omba ruhusa uende. Na kama unasoma herufi za Kiarabu, hata za madrasa tu, usiidharau hiyo, ifanyie mazoezi kwa Kiswahili, kwa sababu mkutubi anayeweza kukatalogi mswada wa namna hiyo ni adimu kweli na kazi ni nyingi, kuanzia Lamu mpaka Unguja.

Majengo nayo yamebadilika. Chuo cha Dar kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba na wanafunzi wachache wa sheria, leo Mlimani kuna maktaba mpya iliyofunguliwa 2018, wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na nafasi ya vitabu 800,000. Nikipita pale nafurahi, alafu nafikiria chumba cha nyuma, kwamba kila kimoja cha hivyo vitabu kinahitaji mtu akishike mkononi.

Mwisho ni fildi, yale mafunzo ya vitendo. Wengi wakipelekwa fildi wanawekwa kaunta wiki nane wanarudi na ripoti ya kupokea na kutoa vitabu. Siku ya kwanza kabisa mtafute mkuu wa kitengo cha kukatalogi, mwamkie, mwambie mama, au mzee, naomba wiki mbili nikae kwako, hata kwa kubandika lebo. Akikubali beba daftari, kila kitabu kilichokutatiza andika kichwa chake, namba uliyodhani, namba aliyokupa na sababu aliyokuambia. Na ukiona boksi nyuma ya mlango, uliza lina nini, na uombe kulifungua.