Kingamwili yako inashika umbo au mfuatano? Jaribio la HBsAg hatua kwa hatua

Protini ya uso wa virusi vya homa ya ini B, HBsAg, katika umbo lake fupi ina asidi amino 226, yaani viungo 226 vilivyopangwa kwa mfuatano kwenye mnyororo mmoja. Kingamwili nyingi za kinga, hata hivyo, hukimbilia kipande kidogo tu, kati ya asidi amino ya 124 na ya 147. Hapo mnyororo umejikunja, na sisteini zake (asidi amino zenye salfa) zimeshikana kwa vifungo vya salfa hadi vikatokea vitanzi vinavyochomoza nje. Kingamwili hushika kitanzi. Ukikifungua, asidi amino zote bado zipo kwa mfuatano uleule lakini kingamwili inapita kama haijaona kitu. Jaribio hili litakuonyesha hilo kwa macho.

Hatua ya 1: Andaa antijeni mbili, yaani protini ambayo kingamwili itaishika. Tumia HBsAg iliyotengenezwa kwenye chachu. Haina jenomu ya virusi, kwa hiyo haiambukizi. Igawe mafungu mawili. La kwanza usiliguse. La pili litie DTT ya milimola 20, lipashe moto nyuzi 95 kwa dakika 10, liache lipoe, kisha ongeza iodoasetamidi ya milimola 50 na uliweke gizani nusu saa. Usiiruke iodoasetamidi: DTT hukata vifungo, lakini bila kuziba sisteini zilizobaki wazi, vifungo vinaweza kurudi na ukasoma jibu la uongo.

Hatua ya 2: Pandikiza kwenye sahani ya vishimo. Zimua kila fungu hadi mikrogramu 1 kwa mililita katika bafa ya kaboneti ya pH 9.6. Weka mikrolita 100 kila kishimo, funika, iache kwenye jokofu usiku kucha.

Hatua ya 3: Osha, kisha ziba. Osha mara tatu kwa PBS (bafa ya chumvi ya fosfeti) yenye sabuni ya Tween 20. Ziba nafasi tupu kwa albumini ya ng'ombe, saa moja.

Hatua ya 4: Weka kingamwili yako, ukiizimua hatua kwa hatua, vishimo viwili kwa kila kiwango. Na hapa ndipo wengi wanapoponzwa, nami niliponzwa: nilifurahia vishimo vya antijeni iliyofunguliwa kubaki vyeupe, kumbe protini yenyewe haikuwa imeshika sahani. Kwa hiyo tenga safu moja ya udhibiti kwa kingamwili nyingine ambayo inajulikana kutambua HBsAg hata ikiwa imefunguliwa. Safu hiyo isipotoa rangi, jaribio zima ni la kurudia.

Hatua ya 5: Rangi. Osha mara tano bila haraka. Weka kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza na iliyobeba kimeng'enya cha peroksidasi, saa moja, osha tena, kisha tia TMB, kemikali ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa rangi. Sogeza uso karibu na sahani. Vishimo vya antijeni nzima huanza na wingu la buluu chini, likapanda hadi kujaa. Tia asidi ya salfuriki. Buluu inageuka manjano papo hapo. Soma kwenye nanomita 450.

Hatua ya 6: Fasiri. Rangi kote kote maana yake kingamwili inasoma mfuatano. Rangi kwenye antijeni nzima pekee, na safu ya udhibiti iko sawa, maana yake inashika umbo. Kupungua nusunusu hutokea sana kwa seramu ya mtu aliyechanjwa, kwa kuwa ina mchanganyiko wa kingamwili za kila aina.

Hatua ya 7: Ongeza safu ya G145R. Hii ni HBsAg ambayo glisini ya 145 imebadilika kuwa arginini. Badiliko hilo liliripotiwa mwaka 1990 kwa mtoto wa Italia aliyeambukizwa ingawa alikuwa amechanjwa. Asidi amino moja tu, ila imekaa ndani ya kitanzi na inatosha kukipotosha. Kingamwili yako ikishindwa hapa, usiitegemee peke yake kwenye kipimo cha kugundua virusi: iambatanishe na inayoshika mahali pengine pa protini, kisha urudie safu hii ukiwa na zote mbili.