Somo: Kutafuta kazi ya uuguzi Unguja na Pemba, tangu cheti mpaka zamu ya kwanza

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Kila wahitimu wapya wanapotoka chuoni napigiwa simu, na swali huwa ni lile lile: "Dada, kazi zipo?" Zipo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 visiwani, na miaka hii zimefunguliwa hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba. Wodi bila wauguzi ni vitanda tu. Tatizo ninaloliona ni jengine: tangazo linatoka, siku za kuomba ni chache, na mtu mwenye cheti kizuri anaanza kukimbizana na makaratasi siku hiyo hiyo. Somo hili nimeliandika kwa ajili yake.

Hatua ya kwanza: majina yako yafanane

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo nilipokwama mwenyewe. Cheti changu cha kuzaliwa kina "Kh", cheti cha kidato cha nne kina "H" tupu. Herufi moja. Nilipoitwa kuhakikiwa vyeti niliambiwa nirudi nikarekebishe, na niliporudi nafasi ilikuwa imeshakwenda. Nililia njia nzima ndani ya gari ya shamba.

Kwa hiyo leo, kabla hujaandika barua yoyote, tandika vyeti vyako vyote juu ya mkeka: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Panapotofautiana, nenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii uulize njia ya kurekebisha, au ule kiapo mahakamani. Jambo hili linachukua muda, na huwezi kuliharakisha tangazo likishatoka.

Hatua ya pili: usajili na leseni

Afya si jambo la Muungano. Huku kwetu anayesajili ni Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar. Bara wana lao, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wapo vijana wanaodhani cheti cha chuo kinatosha kumgusa mgonjwa. Hakitoshi. Cheti kinasema umesoma, leseni ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi. Na leseni ina muda wake, basi iandike tarehe ya kumalizika kwenye kalenda ya ukutani, isije ikaisha wiki unayoitwa usaili.

Hatua ya tatu: faili moja, nakala mbili

Weka pamoja vyeti, matokeo ya chuo, leseni, picha ndogo, wasifu wako na barua ya sheha inayothibitisha unapoishi. Nakala moja ya karatasi, nyengine iliyoskaniwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye barua pepe yako. Usiskani kwa kupiga picha ya simu chini ya taa ya kibatari. Maandishi yasiyosomeka ni sawa na kutotuma kitu.

Hatua ya nne: pa kutazama

Kazi za serikali hupitia Tume ya Utumishi wa Umma, na maombi huingizwa mtandaoni kwenye mfumo wa ZanAjira. Fungua akaunti yako mapema, uijaze yote. Tazama kwa makini tangazo limeandika Unguja au Pemba, kwa sababu nafasi hutenganishwa, na ukiomba Pemba utatarajiwa kukaa Pemba.

Hospitali na kliniki binafsi za mjini, na zile ndogo zilizofuata wageni Nungwi na Paje, nyingi hazitangazi popote. Huko unakwenda kwa miguu yako. Vaa kwa heshima, fika asubuhi kabla madaktari hawajaanza kuona wagonjwa, omba kuonana na muuguzi kiongozi, acha barua na wasifu. Usimtume mjomba. Najua visiwani kila mtu ana mjomba anayemjua mtu, lakini muuguzi kiongozi anataka kukuona wewe unavyosalimia na unavyosimama. Kliniki za pwani watakuuliza Kiingereza, na mwenye Kitaliano kidogo husikilizwa zaidi.

Hatua ya tano: usaili

Mara nyingi kuna mtihani wa kuandika wa mchujo, kisha ana kwa ana. Wengi huanguka kwenye hesabu za dawa, na inaniuma kwa sababu ni jambo la mazoezi ya wiki mbili. Mfano: daktari ameandika miligramu 250, kichupa kina miligramu 500 ndani ya mililita 5. Unavuta mililita 2.5. Mwengine: lita moja ya maji ya mshipa iingie kwa saa 8, na mpira wako unatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Gawa kwa dakika 480. Unapata matone 42 hivi kwa dakika. Fanya hesabu kama hizi tano kila usiku, kwa kalamu, bila ya simu.

Ana kwa ana, tarajia kuulizwa jambo la dharura. Mama amejifungua, damu haikati, uko peke yako na mhudumu mmoja, utafanya nini? Usianze na "nitamwita daktari" ukaishia hapo. Sema unaita msaada huku mikono inafanya kazi: unasugua tumbo ili mji wa uzazi ukaze, unatoa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa uzazi, kwa mujibu wa mwongozo, unaweka mpira wa maji ya mshipa, unahakikisha kibofu ni kitupu, unatazama kondo limetoka zima, unatazama kama pamechanika. Sema kwa mpangilio na kwa utulivu. Wanaokusikiliza wanapima kama mama huyo angekuwa salama mikononi mwako.

Hatua ya sita: ukipangiwa mbali, nenda

Kuna visiwa ndani ya visiwa: Tumbatu, Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza. Ukipangiwa huko utavuka kwa mashua, na ikivuma kusi utavuka umerowa. Wengi hukataa, au huripoti kisha wakaanza kutafuta uhamisho mwezi wa kwanza. Mimi nawaomba mkae angalau mwaka. Kwenye kituo kidogo unazalisha, unachanja, unashona jeraha, unaandika ripoti, unaagiza dawa, na unajifunza kuamua mapema nani avushwe kabla giza halijaingia na maji hayajachafuka. Mwaka wangu wa kisiwani ndio ulionifanya muuguzi. Wazee watakuita "daktari". Waitikie kwa adabu, uwaeleze wewe ni muuguzi, kisha wahudumie.

Maswali mliyoniletea

*Kutoka Wete: Nimemaliza diploma, niko nyumbani mwaka wa pili. Naona mikono imeanza kusahau. Nifanye nini?*

Mdogo wangu, usikae tena. Andika barua kwa uongozi wa hospitali iliyo karibu nawe, uombe kujitolea kwa muda maalumu, miezi mitatu au sita, na utaje siku unazoweza kufika. Hakikisha leseni yako iko hai kwanza, na uombe barua ya uthibitisho mwishoni. Nauli ikiwa mzigo, omba siku mbili kwa wiki. Siku mbili ndani ya wodi zinatosha kuirudisha mikono.

*Kutoka Mwanakwerekwe: Mimi ni mwanamme. Nikiajiriwa, nitawekwa wodi ya wazazi? Wenyewe watanikubali?*

Unaweza kuwekwa, na umeisomea. Kina mama wengi huku wanapendelea kuhudumiwa na mwanamke, na wana haki ya kusitirika. Basi jitambulishe, omba ruhusa kabla ya kumgusa, kuwa na mhudumu wa kike pamoja nawe, vuta pazia. Wauguzi wa kiume ninaowajua wanapendwa sana kwa sababu ya upole wao.

*Kutoka Tanga: Nimesoma na kusajiliwa bara, nimeolewa Unguja. Naweza kuomba?*

Karibu nyumbani, wifi. Nenda Baraza la Zanzibar na vyeti vyako pamoja na leseni ya bara, ueleze unataka kusajiliwa huku. Usianze kazi kwa leseni ya bara peke yake. Na suala la kitambulisho cha ukaazi lianze kwa sheha wa shehia yako.

*Kutoka Mkoani: Mume wangu anakubali nifanye kazi lakini hataki zamu ya usiku.*

Dada yangu, zungumzeni kabla hujasaini mkataba. Katika wodi hutapata kukwepa usiku, na ukiwa unabadilishana kila mara wenzako watachoka nawe. Mweleze zamu zinavyopangwa, nani atakuwa na watoto, utarudi vipi asubuhi. Ikishindikana, kliniki ya mama na mtoto na vituo vidogo vingi hufanya kazi mchana. Mimi baba watoto wangu alilainika alipokuja kuniletea daku wodini mwezi wa Ramadhani, akaona tulikuwa wawili kwa wagonjwa wote wale.

*Kutoka Chake Chake: Kuna mtu anasema ni wakala wa hospitali za Oman, anataka fedha taslimu kwanza na cheti changu halisi. Nimwamini?*

Usimpe cheti halisi. Mtu yeyote. Njia ya Ghuba inajulikana: vyeti huhakikiwa na DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, kuna mtihani wa leseni, ambao kwa nchi nyingi za huko hufanywa kupitia Prometric, kampuni ya kusimamia mitihani, na malipo ya mambo hayo unayafanya kwa jina lako na unapewa risiti. Uzoefu wa kazi pia huulizwa, kwa hiyo mtu aliyetoka chuoni jana akaahidiwa wodi Muscat ajiulize mara mbili. Mwambie huyo bwana akutajie hospitali, kisha uliza hospitali yenyewe moja kwa moja. Akikasirika, umeshapata jibu. Na cheti kama umeshampa, nenda kituo cha polisi leo, usingoje kesho.