Kupanga mboga ya siku tatu kutoka sokoni Mwanza

Usitoke nyumbani na ratiba ya chakula iliyokamilika. Toka na kikapu, angalia kilichoshuka asubuhi hiyo, nunua vya siku tatu, kisha upike ukianza na kinachowahi kuharibika. Vipimo vya hapa ni vya watu watano.

Anza na samaki, asubuhi, iwe mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa, au soko la mtaani. Sato wa jumla ya kilo moja na nusu wanatosha mlo mmoja. Jicho liwe angavu na lililotuna. Likizama na kuingia ukungu, samaki huyo amelala. Fungua mashavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza mgongo kwa kidole: shimo likibaki, muache. Muache pia asiyefika sentimita 25, kwa sababu sheria hairuhusu avuliwe, na hata ukimpika utakula miiba tu. Vijana wa kuparua wapo, ila simama hapo hapo. Wakiwa na haraka hupasua nyongo, na uchungu wake hauondoki kwa ndimu. Nyama ya tumboni ikiwa na doa la kijani, ikate na kuitupa.

Kisha majani: fungu la matembele kwa leo, mafungu mawili ya mgagani, mboga ya majani yenye uchungu, kwa kesho. Mgagani wa kesho usiuoshe. Simamisha mashina kwenye bakuli la maji ya kina cha vidole viwili, kivulini. Majani yakilazwa yakiwa yameloa kwenye mfuko wa plastiki, asubuhi yameshaanza kuteleza. Nyanya chagua za rangi mbili, nyekundu za leo na zilizoanza tu kuiva za keshokutwa.

Siku ya kwanza ni sato wa kuchemsha. Mpake chumvi na ndimu moja, akae robo saa. Panga sufuriani kitunguu kimoja na nyanya nne zilizokatwa, weka samaki juu, hoho moja, kijiko cha mafuta na vikombe viwili vya maji. Funika, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20. Usiingize mwiko, shika sufuria kwa masikio na kuitikisa, la sivyo utapakua mchuzi wa miiba. Matembele yakaange kando, ugali pembeni. Kama huna friji, samaki aliyebaki mbichi asisubiri jioni: mkaange mchana huo huo mpaka akauke.

Siku ya pili, mgagani wa karanga. Chambua majani, yaoshe, yatie kwenye maji yanayotokota, dakika 10, kisha mwaga maji. Onja, bado uchungu, rudia kwa maji mapya. Kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa kikoroge kwanza na kikombe cha maji baridi. Unga wa karanga ukimwagwa mkavu kwenye sufuria ya moto huganda madonge ambayo hayavunjiki. Kaanga kitunguu na nyanya mbili, mimina karanga, punguza moto, koroga ukigusa chini kwa sababu karanga huungua haraka. Mafuta yakielea juu, tia majani, acha dakika tano. Wanaopenda mgagani wa maziwa waache nyanya kabisa, maana uchachu wake huyakata maziwa.

Siku ya tatu ni dagaa, robo kilo wakavu. Hapa mwezi una usemi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, kwa hiyo wiki hiyo hupungua na bei hupanda. Nunua wakati wa giza, weka akiba. Chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wanang'aa na hawana mchanga. Msimu wa mvua nusa kabla ya kulipa, kwani wasiokauka vizuri hunuka uvundo na kuota ukungu.

Toa vichwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, na kila mara *waokote dagaa kwa mkono* kuwahamishia bakuli lingine. Ukimwaga maji wao wakiwa ndani, mchanga uliotulia chini unawarudia, halafu unalaumu muuzaji. Wachuje wakauke, wakaange kwenye mafuta mpaka walie wakigongana kikaangioni, watoe. Kaanga kitunguu na zile nyanya tatu zilizoiva kwa kuchelewa, mpaka maji yakauke. Dagaa warudishe mwishoni, dakika tatu tu, na ndimu. Wakiingia nyanya ikiwa bado na maji, wanalegea na kuwa uji.

Kifungua kinywa hakihitaji mpango mkubwa: viazi vitamu vya kuchemsha, au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kama vibichi vimeadimika. Matobolwa yalishachemshwa kabla ya kuanikwa, hivyo yanalainika upesi. Michembe nayo ni viazi vitamu vikavu, ila huanikwa mibichi. Iloweke kwanza na uipe muda mrefu zaidi jikoni.