Kuchagua paipu ya paileti ya boila la gesi

Hapa Mwanza hatuna gesi asilia ya bomba, kwa hiyo boila za hoteli na za madobi zinazotumia gesi zinakula mitungi. Mwongozo huu ni wa hizo. Paileti ni kile kimoto kidogo kinachowasha bana, yaani kichomeo kikubwa cha boila, na paipu yake ndiyo inayokipelekea gesi. Kama hujawahi kugusa kazi ya gesi, mwachie anayeijua.

Hatua ya 1: Pima. Funga mtungi, boila lipoe, fungua paipu ya zamani uende nayo dukani. Robo inchi ni milimita 6.35, na kuna boila zenye paipu ya milimita 6. Kwa macho hutazitofautisha. Ya 6 itaingia kwenye kiungio cha robo inchi, nati itakaza vizuri tu, halafu gesi itavuja polepole.

Hatua ya 2: Chagua madini. Anza na kilichotoka kiwandani, ambacho mara nyingi ni alumini. Inapinda kwa mkono na bei yake haiumi. Ila inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi na saruji mbichi huila, kwa hiyo usiigusishe ukutani.

Kopa, yaani shaba nyekundu, ndiyo utakayoipata haraka, maana mafundi friji wa viwanda vya samaki wameifanya iwe bidhaa ya kawaida mjini. Shida ni salfa. Gesi ikiwa nayo, ndani ya kopa hujengeka magamba meusi yanayobanduka, na tundu la nozeli ya paileti ni dogo kuliko nusu milimita. Gamba moja linatosha kuzima boila. Kwa gesi safi ya mtungi kopa inafanya kazi, lakini nunua mpya. Kipande kilichotoka kwenye friji kina mafuta ya kompresa.

Kipande kinachopita karibu kabisa na bana, weka stenlesi. Ni ngumu kupinda, itakutesa, lakini joto haliiyumbishi. Mpira au plastiki hapo? Hapana, hata kwa siku moja.

Hatua ya 3: Kata na funga. Tumia kikata paipu. Msumeno unaacha chenga ndani. Usichomelee, moto nao huacha magamba ndani. Paipu ikibonyea kwenye kona, tupa. Weka pete mpya ya brasi, na usizungushie tepu nyeupe: kinachozuia gesi ni pete, si nyuzi za nati.

Hatua ya 4: Jaribu. Fungua mlango, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Paipu hii haina gesi mpaka kitufe cha paileti kibonyezwe, kwa hiyo mwenzako abonyeze sekunde chache wakati wewe unapaka povu la sabuni. Kusiwe na moto karibu. Hakuna kiputo? Subiri hewa isafike, washa, upake tena.

Moto uwe wa bluu, ukumbatie ncha ya temokapo, kile kijiti kinachohisi joto la paileti. Ukiwa wa njano, piga brashi tundu la hewa kabla ya kulaumu paipu: vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku hupenda kufia humo.