Jinsi ya kuongea na mgonjwa bila kumkimbiza

Naanza na sisi wa meno maana ndo tunaongoza kwa kukimbiza wagonjwa: usimuulize mtu swali ukiwa umeshamjaza kioo na vidole mdomoni. Atajibu nini sasa, "aaah"? Maswali maliza kabla hajafungua mdomo, na mkubaliane ishara kabisa, "ukitaka nisimame nyanyua mkono wa kushoto", halafu akinyanyua usimame kweli, sio "vumilia namalizia tu", hapo umeshamharibu, siku nyingine harudi mpaka shavu livimbe.

Kwenye kung'oa usimwambie "hutasikia kitu". Ganzi inaua maumivu lakini kusukumwa anasikia, na ile krak ya jino inafika mpaka masikioni, sasa kama ulimuahidi hatasikia kitu ataona ganzi haijashika, ataanza kuruka kwenye kiti. Mwambie mapema: nitasukuma kwa nguvu, hiyo kawaida, ila ukisikia kuuma niambie niongeze ganzi.

Mtoto mwambie, mwonyeshe, ndo ufanye. Ile brashi ya kusafishia izungushe kwanza kwenye kucha yake acheke. Na kama kuna sindano usimdanganye haipo.

Kwa wale wa kliniki na wodini, mwache mtu aongee kwanza. Watafiti wawili, Beckman na Frankel, kule Marekani mwaka 1984 walikuta daktari anamkatiza mgonjwa baada ya kama sekunde 18 tu, yaani hata salamu haijapoa, na lile linalomsumbua hasa mara nyingi analitaja mwishoni akishashika kitasa cha mlango.

Majibu nayo. "Negativu" kwa mgonjwa inasikika kama habari mbaya, we sema "tumepima, huo ugonjwa hatujauona".

Halafu "umeelewa?" achana nayo, kila mtu anasema ndiyo, tena anaitikia kwa kichwa kabisa. Muulize "ukifika nyumbani hii dawa utaimezaje?" Utashangaa. Moja mara tatu ulimaanisha kila baada ya masaa 8, yeye anakwambia asubuhi, mchana na jioni saa 11 halafu basi mpaka kesho. Akikosea usimcheke wala usimgombeze, sema "hapo mimi sikueleza vizuri", rudia, na umuulize tena.

Na ukimtaja kwa wenzako akiwa amekaa hapo hapo, mtaje kwa jina. Sio "yule wa gego".