Kubanika nguruwe wa kujaza wakati wa baridi: balkoni ndiyo mtego

Kila ikifika Desemba, vijana waliohamia Minnesota, Marekani, karibuni hunipigia, hasa wale wa Moshi na Arusha ambao Krismasi bila kitimoto kwao haijafika: nyama ya kujaza naibanikaje na nje kuna theluji? Nyama nitaieleza, wala haina makuu. Kinachowaumiza watu huku ni mahali pa kuweka jiko.

Kanuni za zimamoto za jimbo hili ni hivi: kama jengo lina makazi matatu au zaidi, hakuna kuwasha moto kwenye balkoni, wala chini kwenye kibaraza kilicho ndani ya futi 15 kutoka kwenye jengo, yaani kama mita 4 na nusu. Wengi wanaishia hapo. Kifungu kinachofuata ndicho kilichoninasa mimi: hairuhusiwi hata kuhifadhi jiko au nishati yake mahali hapo. Kuhifadhi, ndugu yangu! Jiko langu lilikuwa la baridi, limefunikwa turubai, theluji imelala juu yake, mtungi wa gesi pembeni. Hata kiberiti hakikuwashwa. Nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, kisha faini ikaingia kwenye bili ya kodi, na siku ya kuhama wakamega tena amana yangu wakidai sakafu ya balkoni ilihitaji kusafishwa. Nilipobisha, walinitumia ukurasa wa mkataba wenye sahihi yangu. Jumla yake ilizidi bei ya jiko.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata kilo ya mkaa, fungua mkataba wako wa upangaji utafute kila penye neno moto, jiko, gesi na balkoni. Duka litakuuzia jiko bila kukuuliza unaishi ghorofa ya ngapi. Jirani mwenye jiko kwenye balkoni yake si kibali. Huenda karatasi yake iko njiani. Sheria inaruhusu majiko ya umeme au gesi yaliyofungwa moja kwa moja kwenye jengo, lakini hayo huwekwa na mwenye jengo, si wewe na bisibisi yako. Ukiwa jimbo lingine vipimo hubadilika, na mwenye jengo ana haki ya kukaza kuliko sheria. Uliza ofisi kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Yule kijana wa mapokezi aliyekuambia "haina shida" hutamkuta siku ya faini.

Ndugu zetu wa nyumbani, mnatuponza kwa upendo. Shangazi yangu wa Kiboriloni huniambia kwa simu ya video, "Si uwashe tu hapo nje, nani atakuona?" Shangazi, wataniona. Moshi mjini ukibanika, jirani anakuja na kiti chake na kuuliza ndizi ziko wapi. Huku jirani atakusalimia kwa tabasamu kwenye lifti, atasifia koti lako, kisha atapiga simu ofisini kabla hujafika mlangoni kwako. Wapole sana usoni hawa watu, lakini ugomvi wao hupitia kwenye karatasi. Hata hivyo nikiri jambo moja: maghorofa mengi ya hapa mifupa yake ni mbao, na juu ya balkoni yako kuna balkoni ya mtu mwingine. Sisi tumezoea tofali na bati, ndiyo maana sheria hii tunaiona ni roho mbaya.

Halafu msitufungie nyama iliyobanikwa tuje nayo kwenye begi. Nguruwe kutoka kwetu haingii Marekani, kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika, na usipotaja kwenye ukaguzi ulichobeba, faini ni juu yako uliyebeba, si ya aliyekufungia.

Sasa kuna wanaokimbia balkoni wakaingiza jiko la mkaa sebuleni au gereji. USIFANYE. Hata mlango wa gereji ukiwa wazi, usifanye. Jiko la nyumbani linakaa kwenye banda lenye upenyo kila upande. Nyumba za huku zimezibwa baridi isipenye, na hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inaua watu kila msimu wa baridi.

Pa kubanikia, basi: kwa rafiki mwenye nyumba ya peke yake, uani, mbali na ukuta, au bustani ya umma yenye majiko ya chuma yaliyosimikwa, ukishasoma kanuni za bustani hiyo. Ukitumia jiko la bustani, tandika foili kwenye wavu. Minnesota ina Wasomali wengi, na jiko hilo kesho ni la familia ya Kiislamu.

Nunua nyama ya mgongo isiyo na mfupa. Nguruwe wa huku hana mafuta kama wetu, kwa hiyo hukauka upesi. Ipasue uifungue kama kitabu, paka chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Mimi hujaza ndizi mzuzu za kukaanga, kitunguu na pilipili mbuzi. Weka tabaka jembamba, likiwa bado la moto, muda huohuo unaoweka nyama kwenye jiko. Usijaze usiku ukalaza. Kunja, funga kwa uzi wa pamba. Mkaa uwe pande mbili, nyama katikati pasipo na mkaa chini yake, kifuniko juu. Weka mkaa mwingi kuliko ulivyozoea, maana upepo unaiba joto, na kila ukifunua kuchungulia unaanza upya.

Kipimajoto ni lazima. Kipande kizima cha nguruwe kisichojazwa huiva kwenye nyuzi 63 za Selsiasi kikipumzishwa dakika 3, lakini ya kujaza usiipime pembeni ukafurahi. Choma ncha katikati kabisa ya kilichojazwa, isome 74. Vipimajoto vingi vya hapa ni vya Farenhaiti. Hapo tafuta 165. Kwetu fundi wa kitimoto anajua kwa jicho, ila yeye anabanika vipande, hajafunga kitu ndani.

Majivu yaache yapoe ndani ya jiko siku mbili au zaidi. Theluji isikudanganye, ndani kaa linaishi. Kama lazima uyaondoe, yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke mbali na nyumba. Na ndoo hiyo, tafadhali, isirudi nawe kwenye balkoni.