SOMO: Kuosha tope la sakafu ya bahari na kuhesabu maganda ya foramu (vijidudu vya baharini vyenye ganda la chokaa)

Wakuu, naandika mara moja tu, atakayenifuata inboksi nitamtumia linki ya hapa.

1. Kausha sampuli kwenye oveni nyuzi 40 hivi, pima uzito.

2. Loweka hadi tope lilegee.

3. Hapa ndipo nilipochemka. Ijumaa moja nililoweka sampuli kwa maji ya distili nikaenda zangu nyumbani, Jumatatu nachungulia maikroskopu naona vipande vitupu, nikashangilia kwamba nimepata enzi ambayo bahari ilikula chokaa, kumbe nimeiyeyusha mwenyewe kwenye bika! Maji yale yanavuta kaboni dayoksaidi ya hewani yanakuwa na asidi kidogo, na kalsiamu hayana, kwa hiyo yanalamba maganda. Tia matone ya amonia kuua hiyo asidi, na USILAZE USIKU.

4. Chujio la mikromita 63, maji taratibu. Usisugue kwa kidole, ganda unalovunja wewe litasomeka kama limeliwa na bahari.

5. Kausha, chekecha kwa chujio la mikromita 150, gawa sampuli hadi yabaki maganda kama 300, hesabu mazima na vipande. Vipande 8 hesabu ganda 1, kisha gawa hesabu hiyo ya vipande kwa jumla yake na mazima: ikiwa kubwa, bahari imekula chokaa nyingi.

MASWALI

– Mkuu nipe fomula tu, sina muda wa kusoma yote.
Namba 5.

– Vipande vingi maana yake enzi ya barafu, si ndiyo?
Bahari ipi? Pasifiki enzi za barafu chokaa ilitunzika vizuri, Atlantiki ya kina kirefu ni kinyume. Usibebe jibu la huku ukalipeleka kule.

– Samahani mwalimu, chokaa inaweza kuisha kabisa?
Swali tamu hili. Mwaka 2003 wanasayansi walitoboa sakafu ya bahari Walvis Ridge, safu ya milima chini ya bahari nje ya Namibia. Unaona tope jeupe, jeupe, ghafla udongo mwekundu, chokaa chini ya asilimia 1. Ni miaka milioni 56 iliyopita, kaboni nyingi iliingia baharini, kina ambacho chokaa huishia kikapanda zaidi ya kilomita 2, na kurudi kulichukua zaidi ya miaka laki moja. Ukitaka kuona maganda ya zamani yaliyobaki kama kioo tafuta habari za Kilwa, yalifunikwa na udongo wa mfinyanzi.

– Chujio langu limeziba, nitumie sindano?
We! Utatoboa wavu. Lisafishe kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha lichovye kwenye rangi ya methilini bluu kabla ya sampuli inayofuata. Ukikuta ganda la bluu ujue ni la jana, litupe.

– Mimi nimepata yote bluu.
Suuza chujio, kaka.